Jiko la presha la umeme linavyobana matumizi, na linavyoweza kumponza mtu kwenye LUKU

KATIKA mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, ambako bidhaa mpya za nyumbani hufika kabla hazijapata hata jina la Kiswahili, kipo chombo kimoja ambacho kimetolewa nyuma ya kabati na kupangwa mbele ya maduka. Ni chombo cha mviringo chenye mfuniko mzito, waya wa umeme, na ama kitufe cha kuzungusha ama kioo kidogo cha tarakimu. Wauzaji hukiita presha kuka ya umeme. Wataalamu wa nishati hukiita jiko la umeme la presha. Wateja, kwa majina yoyote yale, huuliza swali moja: linakula umeme?

Jibu ni kwamba linakula, lakini kidogo mno kuliko wengi wanavyodhani, na kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu hakuna jiko jingine la umeme la bei ya kawaida linalolifikia. Hata hivyo, jibu hilo lina mkia wake. Nyumba mbili zinaweza kununua jiko la aina moja, zikapika maharage yale yale, na mwisho wa mwezi moja ikawa imepika kwa Sh 3,000 na nyingine kwa Sh 20,000. Tofauti hiyo haimo ndani ya jiko. Imo kwenye mita ya LUKU iliyoko ukutani.

Vifaa vya jikoni vinavyoshangiliwa kila mwaka ni vingi, na vilivyo vingi huishia juu ya kabati vikilindwa na vumbi. Mashine za kutengenezea mkate zilipita hivyo, na mashine kadhaa za kukamulia juisi nazo. Jiko la presha la umeme limestahili kutazamwa kwa makini zaidi kwa sababu linagusa jambo ambalo kila kaya hulifanya kila siku, yaani kuivisha chakula kigumu, na linagusa fedha ambayo kila kaya huitoa, yaani ya mkaa, gesi au umeme.

Siri yake ni ya zamani. Maji yaliyo kwenye sufuria ya wazi, hapa pwani, huchemka yakifika nyuzi 100 za sentigredi. Yakishafika hapo hayapandi tena, hata moto ukiongezwa mara mbili. Moto wa ziada huyageuza tu kuwa mvuke unaopaa na kupotelea darini. Mama anayechochea mkaa chini ya maharage yanayotokota anaongeza mvuke. Maharage yenyewe yako pale pale kwenye nyuzi 100, yakisubiri saa zao mbili au tatu zitimie.

Mfuniko ukifungwa kwa kukazwa, mvuke hukosa pa kutokea, shinikizo hupanda, na maji hulazimika kupata joto kubwa zaidi kabla ya kuchemka. Majiko mengi ya umeme ya presha huyafikisha maji kwenye nyuzi 115 hivi, na sufuria za presha za kawaida zinazobandikwa juu ya moto hukaribia nyuzi 120. Nyuzi 15 au 20 za ziada huonekana chache zikitajwa mdomoni. Kwa maharage ni nyingi sana, kwa maana mabadiliko yanayolainisha punje huenda mbio zaidi kila joto linapopanda kidogo. Chakula cha saa mbili hushuka hadi dakika 40 au 45.

Faida hiyo ni kubwa zaidi kwa walio kwenye miinuko. Arusha, iliyo kwenye kimo cha mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95. Mbeya na Nairobi, zilizo karibu na mita 1,700 na 1,800, huchemka kwenye nyuzi 94. Ndiyo sababu mtu aliyezoea kupika makande Tanga akihamia nyanda za juu hushangaa kuona yanagoma, akalaumu mahindi. Mahindi hayana kosa. Maji ya huko huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Ndani ya sufuria iliyofungwa, tofauti hiyo hupungua sana.

Mtu wa kwanza kuuonyesha ulimwengu jambo hili alikuwa Mfaransa Denis Papin, mwaka 1679, akiwa London. Alitengeneza pipa la chuma lenye mfuniko wa kukazwa, akalitumia kulainisha mifupa hadi ikalika. Ni yeye pia aliyebuni valvu ya usalama, kwa sababu vyombo vya aina hiyo vilikuwa na tabia ya kupasuka. Mwaka 1682 wanachama wa Royal Society ya Uingereza walikula chakula cha usiku kilichopikwa ndani ya chombo chake, na mmoja wao, John Evelyn, akaandika habari za karamu hiyo katika shajara yake. Kwa hiyo supu ya kongoro iliyolainika kwa dakika chache si uvumbuzi wa jana.

Kilicho kipya ni umeme na akili ndogo iliyowekwa ndani. Mwaka 2010 kampuni moja ya Ottawa, Canada, iliyoanzishwa na mhandisi Robert Wang na wenzake, ilitoa jiko lililoitwa Instant Pot, ambalo katika miaka michache likawa gumzo la majiko ya Marekani ya Kaskazini. Mwaka 2019 kampuni hiyo iliunganishwa na kampuni ya vyombo ya Corelle, na Juni 2023 kampuni iliyotokana na muungano huo ikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Wapo waliotania kwamba tatizo la bidhaa ile lilikuwa uimara wake: aliyenunua moja hakuwa na sababu ya kununua ya pili. Madeni ya kampuni yalikuwa na sababu zake, lakini utani huo una ukweli ndani yake, na kwa mnunuzi ni sifa.

Yanayouzwa Afrika Mashariki leo, kwa majina mengi tofauti, hufuata mpango ule ule. Chini kuna sahani ya kupashia joto ya wati 900 au 1,000. Juu yake hukaa sufuria ya ndani, kwa kawaida ya lita tano au sita. Kuta za nje zina nafasi inayozuia joto lisitoke. Sensa iliyo chini ya sufuria hupima joto, nyingine hupima shinikizo. Jiko huvuta umeme kwa nguvu zake zote kwa dakika 15 hadi 20 za mwanzo, mpaka presha itimie. Baada ya hapo hujizima, huwaka kidogo, hujizima tena, likirudisha tu joto dogo linalovuja. Hapo ndipo akiba ilipo, na ndipo wauzaji wengi hushindwa kueleza wanapoulizwa lile swali la umeme.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Jiko la wati 1,000 linalowaka mfululizo kwa dakika 20 limetumia theluthi moja ya uniti. Ukijumlisha kule kuwaka-waka kwa nusu saa inayofuata, nusu kilo ya maharage huiva kwa kati ya theluthi na nusu ya uniti. Jiko la umeme la koili la wati 1,500, likiachwa saa mbili chini ya sufuria ya kawaida, hutumia uniti tatu. Likipunguzwa moto kwa uangalifu, bado ni uniti moja na nusu au zaidi. Hofu ya Watanzania juu ya kupika kwa umeme imetokana na koili hizo, na kwa koili ilikuwa hofu ya haki.

Sasa mkia wa jibu.

Viwango vya bei ya umeme vilivyoanza kutumika Aprili 2016 viliwagawa wateja wa majumbani wa TANESCO katika makundi mawili yanayojulikana kwa majina ya D1 na T1. Wa D1 ni yule ambaye matumizi yake ya wastani hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Huyu hulipa Sh 100 kwa uniti, ambayo ikiongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 pamoja na tozo za EWURA na REA hufika Sh 122 hivi. Uniti zinazovuka 75 humtoza Sh 350 kila moja kabla ya kodi. Wa T1 hulipa Sh 292, ambayo ikiongezwa kodi na tozo hufika Sh 356 kwa kila uniti, tangu ya kwanza.

Ichukuliwe kwa mfano nyumba ya D1 yenye friji ndogo inayotumia uniti moja kwa siku, na taa, televisheni, simu na pasi ambavyo kwa pamoja humaliza uniti 20 kwa mwezi. Jumla ni uniti 50. Nyumba hiyo hununua umeme wa Sh 6,100. Ikinunua jiko la presha na kulitumia mara mbili kila siku, kwa wastani wa sehemu nne za kumi za uniti kila mara, itaongeza uniti 24. Jumla inakuwa 74. Gharama ya kupika kwa mwezi mzima ni Sh 2,928, fedha ambayo kwenye mkaa haitoshi kuivusha nyumba hata wiki.

Lakini kutoka 74 hadi 75 imebaki uniti moja. Wageni wawili wa sikukuu, nguo za harusi za kupiga pasi, au friji inayofunguliwa ovyo wakati wa joto la Februari, na mstari umevukwa. Kuvuka mara moja kunauma kidogo tu. Kuvuka kila mwezi, mpaka wastani wenyewe ukapanda na mteja akahamishiwa T1, ni habari nyingine. Zile uniti 24 za jiko sasa ni Sh 8,544, ambazo bado si nyingi. Kinachoumiza ni zile 50 za zamani. Friji ile ile na taa zile zile zilizogharimu Sh 6,100 sasa zinagharimu Sh 17,800. Gharama halisi ya kuhamia kwenye jiko la umeme, kwa nyumba hii, imekuwa Sh 20,000 na ushee kwa mwezi.

Si kila mtu yuko kwenye hatari hiyo. Nyumba ambayo tayari iko T1 haina cha kupoteza: kila mlo wa jiko la presha utaigharimu Sh 120 hadi 180, nukta. Nyumba ya D1 isiyo na friji ina nafasi kubwa ya kupikia na kubaki chini ya mstari. Walio pabaya ni wale wa katikati, wenye friji na wanaotumia uniti 50 hadi 70. Hao ndio wanaopaswa kukaa na risiti zao za miezi mitatu kabla ya kwenda dukani. Katika kuzisoma, fedha ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye manunuzi ya LUKU tangu mwaka 2021 iwekwe kando, kwa kuwa haihusiani na uniti.

Uganda ililiona tatizo hili mapema zaidi. Mwaka 2022 mdhibiti wa umeme wa nchi hiyo alianzisha bei maalumu ya kupikia: mteja wa nyumbani akivuka uniti 80 kwa mwezi, uniti za 81 hadi 150 zilipunguzwa bei badala ya kupandishwa, kwa hoja kwamba anayefika huko huenda ameacha mkaa na anastahili kutiwa moyo. Tanzania, ambayo Mei 2024 ilizindua mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, inaingia kwenye safari hiyo ikiwa na mstari wa uniti 75 unaomwadhibu yule yule anayeitikia wito. Ni mkanganyiko unaohitaji kutazamwa na wanaopanga bei, maana mpishi hawezi kuurekebisha kwa kubana taa.

Kisha zipo nyumba za kupanga. Katika sehemu kubwa ya Dar es Salaam, Mwanza na Arusha, vyumba vitano au sita hutumia mita moja, na umeme hununuliwa kwa mchango. Mwenye nyumba huwa ameshatoa amri ya kale: hakuna kupika kwa umeme, hakuna hita, pasi mwisho wa juma. Amri hiyo ilitungwa enzi za koili na haijui tofauti ya uniti tatu na nusu uniti. Nyumba za namna hii kwa kawaida zimeshavuka uniti 75 zamani, hivyo suala la D1 halipo. Suala ni haki baina ya majirani. Mpangaji wa chumba cha kwanza hawezi kukubali kirahisi kwamba supu ya chumba cha tatu imetumia umeme wa Sh 180 tu, hata ikiwa ni kweli. Dawa iliyozoeleka ni mita ndogo ya kila chumba, ile inayoitwa sabmita, ambayo huonyesha kila mmoja ametumia kiasi gani. Bila hiyo, jiko la presha linaweza kuokoa mkaa na kuvunja ujirani.

Nyaya za nyumba hizo nazo zitazamwe. Jiko la wati 1,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea nne na kidogo. Soketi nzuri ya ukutani hubeba mzigo huo bila wasiwasi. Ekstensheni nyembamba za bei chee, ambazo tayari zimebeba televisheni, redio na simu tatu, hazibebi. Plagi ikiguswa baada ya dakika kumi na kukutwa ya moto, huo ni uunganisho mbovu, na uunganisho mbovu ndio huanzisha moto wa kweli.

Kuhusu uchaguzi wa jiko lenyewe, wauzaji huanza kwa kuhesabu vitufe: cha wali, cha kuku, cha keki, cha uji, cha mtindi. Vitufe hivyo karibu vyote ni saa zilizopangwa tu. Jiko la kuzungusha kitufe kimoja cha dakika hupika maharage sawasawa na jiko la vitufe 14, na katika mitaa ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, la kuzungusha lina sifa moja ya ziada: halina kadi ya kielektroniki ya kuungua. Kwa nyumba yenye umeme wa kubabaika, hilo ndilo la kununua, hata kama halivutii macho.

Jambo la pili ni volti. Majiko yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani na Canada hutumia volti 120. Ndugu aliyeko Houston au Toronto akituma zawadi hiyo kwa moyo mweupe, na ikachomekwa kwenye umeme wa volti 230 wa Tanzania au Kenya, sahani yake ya joto itavuta nguvu karibu mara nne ya iliyokusudiwa, kwa sekunde chache za uhai wake zilizobaki. Yanayonunuliwa Dubai au Muscat hayana shida hiyo. Umeme wa huko na plagi za pembe tatu ni kama vya hapa. Maandishi ya volti huwa chini ya jiko, na kuyasoma ni bure.

La tatu ni sufuria ya ndani. Zipo za alumini zilizopakwa utando usioshika chakula, na zipo za chuma kisichoshika kutu. Zenye utando husafishika upesi, lakini kijiko cha chuma na stili waya huzimaliza katika miezi michache. Mwiko wa mti ndio rafiki yake. Za chuma hushika chakula kidogo chini, hasa wali, lakini hudumu. Mwenye wasaidizi wengi jikoni achukue ya chuma.

La nne halitajwi kabisa dukani: mpira wa mfuniko. Huo ndio unaozuia mvuke, na huo ndio unaochakaa kwanza, ukikakamaa au kunyonya harufu ya kitunguu saumu isiyotoka. Ukichakaa, presha haitimii na jiko linawaka bila kujizima, likila umeme kama koili. Kabla ya kulipia, mnunuzi aulize kama mpira wa akiba wa jiko hilo unapatikana, na ikiwezekana aununue hapo hapo. Jiko lisilo na mpira sokoni litakuwa sufuria ya kawaida baada ya mwaka mmoja au miwili.

Usalama wa majiko haya umekuwa mzuri kuliko wa sufuria za presha za zamani zilizopiga filimbi juu ya mkaa na kuwatia watu hofu. Mfuniko haufunguki presha ikiwa bado ipo, kwa sababu kipini kidogo huinuka na kuukaba. Kuulazimisha kwa nguvu ni kutafuta kuungua. Tundu la mvuke lisifunikwe kwa kitambaa wala kuelekezwa kwenye kabati au uso wa mtoto. Sufuria isijazwe zaidi ya theluthi mbili, na kwa maharage, mbaazi na choroko, ambavyo huvimba na kutoa povu, isizidi nusu.

Mpishi wa mara ya kwanza hukosea kitu kile kile: maji. Amezoea kuongeza maji ya moto mara tatu, kwa kuwa sufuria yake hupoteza mvuke. Hapa mvuke hautoki, hivyo maji yanayoingia ndiyo yatakayotoka. Nusu kilo ya maharage makavu hutosheka na lita moja na nusu hadi mbili. Aliyetia tatu atapata mchuzi wa kuogelea. Tui la nazi na nyanya huwekwa mwishoni, mfuniko ukiwa wazi, ili ladha isipotee na nazi isikatike.

Onyo moja linahusu maharage mekundu. Punje zake mbichi zina sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, ambayo huharibika kwa joto la kuchemka barabara. Presha huimaliza. Lakini baadhi ya majiko yana kitufe cha kupika polepole, ambacho huweza kukaa kwa saa nyingi chini ya joto la kuchemka. Maharage yakilainika kwa njia hiyo yanaweza kuwa na sumu bado. Kitufe hicho kiachiwe nyama.

Pamoja na sifa zake, jiko hili halitoshi peke yake. Ugali unahitaji mkono wa kusonga, na sufuria ya ndani huzunguka na mwiko, ikimfanya mpishi acheze nayo. Chapati haziwezekani. Samaki wa kukaanga hutoka kwa shida. Wapo pia wanaosema nyama iliyopikwa humo haina ladha ya moto, na hawakosei: moshi wa mkaa ni kiungo, ingawa moshi huohuo ni hasara kwa mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kuni na mkaa, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Nyumba nyingi zilizolizoea jiko la presha hulitumia kwa vitu vya kuchemka, yaani maharage, makande, kongoro, utumbo, ndizi nyama na kuku wa kienyeji aliyekomaa, na kubakiza gesi kwa ugali, chai na kukaanga. Mtungi wa kilo sita ukiondolewa kazi ya maharage huishi muda mrefu zaidi.

Umeme wa jioni nao una vituko vyake. Kuanzia saa 12 jioni, wakati mtaa mzima umewasha kila kitu, volti kwenye transfoma iliyoelemewa huweza kushuka hadi 180. Nguvu ya sahani ya joto hushuka kwa kasi kuliko volti: kwa volti 180, jiko la wati 1,000 hufanya kazi kama la wati 600 hivi. Haliharibiki, ila dakika 20 za kupanda presha huwa 35. Umeme ukikatika kabisa presha ikiwa imeshatimia, mpishi asifungue mfuniko. Joto lililofungwa humo huendelea kupika kwa muda mzuri, na maharage yaliyobakiza dakika kumi huiva gizani yakiachwa yatulie.

Aliyekwisha kununua na bado ana shaka anaweza kujipimia mwenyewe bila kumtegemea muuzaji wala gazeti. Azime friji na vinginevyo vyote, asome tarakimu za uniti zilizobaki kwenye mita, apike nusu kilo ya maharage kutoka makavu mpaka yaive, kisha asome tena. Tofauti ya tarakimu hizo mbili, ikizidishwa kwa siku atakazopika katika mwezi na kujumlishwa na uniti za kwenye risiti zake za kawaida, itamwonyesha yuko upande gani wa 75.